Atropini ilikausha mate, mbona misuli iliendelea kutetemeka?

SWALI: Nalima nyanya Ilula, wilayani Kilolo. Ng'ombe wangu wawili wa maziwa walikunywa maji ya pipa tunalochanganyia dawa ya nyanya yenye profenofosi. Mmoja alikufa kabla afisa mifugo hajafika. Wa pili alichomwa atropini. Mate yakakauka na kuhara kukakata, lakini misuli iliendelea kuchezacheza, na kwa siku tatu alikuwa akisimama kwa shida. Je, sindano ilikosewa? Na ni kweli kwamba dawa hizi ni ukoo mmoja na sumu ya vita inayoharibu mishipa ya fahamu?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Sindano haikukosewa. Afisa mifugo wako alichoma dawa sahihi, nayo ilifanya kazi yake yote. Tatizo ni kwamba sumu hii inashika sehemu mbili tofauti za mwili, na atropini inafika kwenye moja tu. Ukishaelewa hilo, utaelewa pia kwa nini yule wa kwanza alikufa haraka, kwa nini wa pili alichelewa kupata nguvu, na nini cha kufanya au kuacha siku nyingine.

Mshipa wa fahamu haugusani na msuli unaouendesha. Kati yao kuna ufa wa kiasi cha nanomita 50, mwembamba kiasi kwamba hadubini ya kawaida haiuoni. Amri ya ubongo husafiri kama umeme hadi mwisho wa mshipa, lakini umeme huo hauvuki ufa. Unapofika ukingoni unafungua milango ya kalsiamu. Kalsiamu inaingia, na vifuko vidogo vilivyokaa tayari vinamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kifuko kimoja kina molekuli 5,000 hadi 10,000. Zinavuka ufa na kutua kwenye vipokezi vya msuli; kila kipokezi kinahitaji mbili ndipo kifunguke. Kikifunguka, sodiamu inaingia, msuli unapata umeme wake wenyewe na kukaza.

Sasa msuli lazima uachie, la sivyo ng'ombe hawezi kupiga hatua ya pili. Kazi hiyo ni ya kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi, ambacho wengi hukiita kolinesterasi kwa kifupi. Kimekaa palepale kwenye ufa. Molekuli yake moja inaweza kuvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja, ikizigawa kuwa kolini na asetati, na mshipa unaivuta kolini ndani ili itumike tena. Kwa hiyo amri moja inaishi kwa muda wa milisekunde moja hivi, kisha ufa unakuwa safi, tayari kwa amri nyingine.

Profenofosi, klopirifosi, diazinoni, dimethoeti, malathioni na klofenvinfosi ni za kundi la oganofosfeti. Zote zinafanya jambo moja: zinajifunga kwenye kitovu cha kimeng'enya hicho, kwenye asidi amino iitwayo serini, na kuacha kipande chenye fosforasi kimeng'ang'ania hapo. Mshipa wa fahamu haujaguswa. Msuli haujaguswa. Kilichoguswa ni msafishaji. Wewe unamwagilia kwa mfereji, kwa hiyo utaliona hili: jaruba ambalo mlango wake wa kutolea maji umeziba linafurika hata kama hujaongeza tone moja kwenye mlango wa kuingizia. Ndivyo asetilikolini inavyojaa kwenye ufa.

Hapa ndipo sehemu zile mbili zinapoingia. Asetilikolini haiendeshi misuli ya miguu peke yake. Inaamrisha pia tezi za mate, machozi na makamasi, misuli laini ya utumbo, kibofu na njia za hewa, na inapunguza mwendo wa moyo. Vipokezi vya huko huitwa vya muskarini. Vile vya misuli ya mifupa, pamoja na ile ya mbavu na kiwambo inayovuta pumzi, huitwa vya nikotini, kwa sababu nikotini ya tumbaku, hii hii inayolimwa Chunya, hujishika kwenye vipokezi hivyo. (Kwa sababu hiyohiyo, kuogesha ng'ombe kwa maji ya tumbaku si njia salama ya kukwepa dawa za dukani. Nikotini hupenya ngozi na kuelekea vipokezi hivyohivyo bila hata kupitia kwenye kimeng'enya.) Vipokezi vya aina zote mbili vimo pia ndani ya ubongo.

Ng'ombe aliyejaa asetilikolini kwenye vipokezi vya muskarini anatokwa mate kama uzi, machozi, makamasi, anahara maji, anakojoa mara kwa mara, moyo unakwenda polepole. Mboni ya ng'ombe imelala kwa mlalo, nayo hubana hadi ikabaki kama mstari. Njia za hewa zinasinyaa na kujaa majimaji, unasikia kifua kikikoroma. Upande wa nikotini, misuli huanza kuchezacheza chini ya ngozi: kwanza kope, uso na shingo, halafu mabega na mapaja. Miguu inakakamaa, anatembea kama aliyepanda juu ya vijiti. Baadaye mtetemo unapungua na anaanguka. Wengi hudhani kupungua kwa mtetemo ni nafuu, kumbe mara nyingi ni kinyume. Msuli ulioamriwa bila kuachiwa hubaki na sodiamu iliyoingia, milango yake ya umeme inajifunga na haifunguki tena mpaka utulie, na kwa kuwa asetilikolini haiondoki, msuli hautulii. Unageuka kuwa msuli uliopooza. Kiwambo nacho ni msuli.

Kifo kinatokana na kukosa hewa, kwa njia tatu zinazokutana: mapafu yaliyojaa majimaji na njia zake kusinyaa, kiwambo na misuli ya mbavu kuchoka, na ubongo kushindwa kutoa amri ya kupumua. Yule wa kwanza huenda alikunywa kingi zaidi, au alikunywa chini ya pipa mahali dawa isiyochanganyika vizuri imetuama. Pia profenofosi ina umbo ambalo halihitaji kubadilishwa na ini kwanza ili iweze kushika kimeng'enya, ndiyo maana dalili zake huweza kuanza mapema. Klopirifosi, diazinoni na malathioni ni tofauti: zina salfa mahali panapohitaji oksijeni, na ini ndilo linaloibadilisha. Mnyama aliyekula hizo anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa. Kwa klopirifosi kuna kingine cha kuangalia: madume yaliyokomaa, hasa ya ng'ombe wa kigeni, huathirika kuliko majike na maksai, na dalili zinaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye kwa njia ya kukataa kula na tumbo kubwa kusimama, bila mate mengi.

Turudi kwenye atropini. Inakaa kwenye vipokezi vya muskarini na kuvifunika, ili asetilikolini ikija isipate pa kutua. Haiondoi sumu na haikirudishii kimeng'enya uhai wake. Vipokezi vya nikotini haivigusi kabisa. Kwa hiyo mate kukauka, kuhara kukata na kifua kufunguka ndiyo matokeo yote unayoweza kuidai. Mtetemo wa misuli utaendelea, na haukuonyesha kwamba dozi ilikuwa ndogo. Kuna hatari kubwa hapa. Anayedhani atropini inapaswa kukata mtetemo ataongeza dozi juu ya dozi mpaka tumbo la ng'ombe lisimame na kujaa gesi. Kipimo cha kutosha ni kifua: pumzi isiwe na mkoromo, na moyo urudi kwenye mwendo wa kawaida. Mboni ya jicho si kipimo kizuri, maana inaweza kuchelewa au kubaki imebana.

Kiasi chake kwa ng'ombe ni kama miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito. Robo hutolewa polepole kwenye mshipa wa damu na iliyobaki chini ya ngozi au kwenye msuli, na daktari huirudia kila baada ya saa 4 hadi 6 dalili zikirudi. Ng'ombe wa kilo 350 anahitaji miligramu 175. Tatizo la vijijini liko hapa: ampuli ya binadamu unayoipata kirahisi kwenye duka la dawa ni ya miligramu 1. Utahitaji ampuli 175, na hakuna duka Ilula wala Tukuyu litakalokuwa nazo zote usiku. Chupa ya mifugo yenye miligramu 10 kwa kila mililita ingetosha kwa mililita 17.5. Naomba sana vikundi vya wafugaji na vyama vya maziwa vinunue chupa kama hizo, vimkabidhi afisa mifugo wao azitunze. Ng'ombe wa kata nzima wanaweza kukosa dawa hii ya bei nafuu kwa sababu tu hakuna aliyeiweka akiba. Kwa mbwa wa kilo 15 mambo ni mepesi: miligramu 0.2 kwa kilo ni ampuli 3. Punda na farasi hupewa kidogo zaidi, 0.1 hadi 0.2, kwa sababu utumbo wao ukisimama wanapata msokoto wa tumbo unaoweza kuwaua.

Ipo dawa inayofika kwenye kimeng'enya chenyewe. Inaitwa pralidoksimu, na kazi yake ni kukichomoa kile kipande cha fosforasi kwenye serini. Ikifaulu, mtetemo unapungua na nguvu zinarudi. Ina masharti mawili magumu. La kwanza ni gharama: dozi ni miligramu 20 hadi 50 kwa kilo, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 350 anahitaji gramu 7 hadi 17.5, wakati inauzwa kwa vichupa vya gramu 1 au pungufu. La pili ni muda. Kipande kile cha fosforasi kikikaa, hupoteza sehemu yake moja, na kikishapoteza hakichomoki tena kwa dawa yoyote. Wataalamu husema kimeng'enya kimezeeka. Kwa kimeng'enya cha binadamu, ambacho ndicho kilichopimwa zaidi, dawa za aina ya dimethaili kama dimethoeti na malathioni huzeesha nusu ya vimeng'enya kwa saa 3.7 hivi, na za diethaili kama klopirifosi na diazinoni huchukua kama saa 33. Profenofosi ina muundo mwingine, wa S-alkili, na kwa wagonjwa binadamu pralidoksimu imeonekana kutosaidia sana kwake. Kwa hiyo hata kama ingekuwapo, kwa ng'ombe wako isingeleta tofauti kubwa. Usijilaumu kwa kuikosa.

Alichobakiwa nacho mwili wake ni kutengeneza kimeng'enya kipya. Kwenye maungio ya mshipa na msuli kazi hiyo huchukua siku hadi wiki, na ndiyo sababu ya siku zile tatu za kusimama kwa shida. Kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu huchelewa zaidi, kwa kuwa chembe nyekundu haziwezi kutengeneza kingine; ni lazima mwili uzalishe chembe mpya. Angalia shingo na pumzi zake kwa siku nne za mwanzo hata kama mate yamekauka: kwa binadamu, na mara chache kwa mbwa, huja udhaifu wa pili kati ya saa 24 na 96, unaoshika shingo, mabega na misuli ya kupumulia baada ya kila mtu kudhani hatari imepita.

Kuna kundi jingine la dawa za wadudu, kabameti, kama kabarili na kabofurani. Nazo hushika serini ileile lakini kwa kipande kinachojitoa chenyewe, mara nyingi ndani ya saa 24. Dalili za mwanzo huwezi kuzitofautisha. Atropini inafaa kwa zote mbili. Pralidoksimu haipewi kwa kabarili. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumwonyesha daktari chupa yenyewe badala ya kumwambia "dawa ya nyanya".

Kuhusu sumu ya vita: ndiyo, ni ukoo mmoja. Mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa za wadudu alipotengeneza tabuni mwaka 1936, na sarini ikafuata mwaka 1938. Mwaka huohuo wa 1936 Otto Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba mishipa ya fahamu huzungumza kwa kemikali, asetilikolini ikiwa ya kwanza kutambuliwa. Tofauti kati ya sarini na dawa ya shambani ni kasi na ukali wa kushika kimeng'enya, urahisi wa kuvukiza na kuvutwa kwa pumzi, na uwezo wa mwili wa mnyama kuivunja kabla haijafika kwenye mishipa. Malathioni, kwa mfano, huvunjwa haraka na vimeng'enya vya ini vya mamalia, wakati mdudu anavyo kidogo. Usalama wake unasimama juu ya kiasi. Kikizidi uwezo wa ini, ng'ombe ana kimeng'enya kilekile alichonacho kiwavi. Ila sumu hizi haziharibu mishipa kama moto unavyounguza. Zinaziba usafi wa ufa, na ndiyo maana mnyama aliyevuka saa za mwanzo anaweza kupona kabisa.

Ndege wako katika hali mbaya zaidi. Kuku na bata wana kidogo sana cha kimeng'enya cha damu kinachovunja oganofosfeti, hivyo punje chache za mbegu iliyopakwa dawa au wadudu waliokufa baada ya kupuliza zinatosha kuua kundi. Paka nao ni wepesi kudhurika. Usimpake paka dawa ya ng'ombe.

Sasa saa ya kwanza. Vaa glavu na gambuti kabla hujamgusa mnyama. Mate na manyoya yake yana sumu, na mtu anayemshika kichwa ndiye wa pili kuugua. Mtoe kwenye chanzo. Kama dawa imemwagika mwilini, mwoshe kwa maji baridi mengi na sabuni, ukianzia mgongoni kushuka. Usitumie mafuta ya taa wala mafuta ya kula, kwa kuwa sumu hizi hupenda mafuta na zitapita kwenye ngozi kwa urahisi zaidi. Akianguka, mlaze kwa kifua, siyo ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo ili mate yatoke nje.

Usimnyweshe kitu kwa chupa. Najua desturi ya maziwa, mayai mabichi, mafuta na maji ya majivu, na najua inatoka kwenye huruma. Lakini ng'ombe huyu kinywa kimejaa mate na misuli ya kumezea haimtii. Sehemu ya unachomimina inaingia kwenye mapafu, na akiokoka na sumu anakufa kwa nimonia wiki inayofuata. Mafuta na maziwa hayaifungi sumu hii. Kinachoifunga ni mkaa amilifu wa dawa, gramu 1 hadi 2 kwa kilo, yaani gramu 350 hadi 700 kwa ng'ombe wako, ukorogwe kwenye lita 4 au 5 za maji na upitishwe kwa mpira hadi tumboni na mtu aliyefundishwa. Mkaa wa jikoni uliotwangwa hauna nguvu hiyo. Tumbo kubwa la ng'ombe hubeba makumi ya lita, na sumu iliyomo huendelea kuingia kwenye damu kwa saa nyingi. Bila mkaa, atropini ikiisha nguvu baada ya saa 4 au 6, mate yanarudi, na watu husema dawa ilikuwa feki.

Kabla ya kuchoma, daktari makini atauliza kama kweli ni sumu hii, kwa sababu huku kwetu kuna magonjwa yanayofanana nayo. Ndigana kali hutoa povu puani na kumfanya ng'ombe ahangaike kupumua, lakini huja na homa kali na tezi zilizovimba. Homa ya maziwa baada ya kuzaa ni karibu kinyume cha tulichoeleza: kalsiamu imepungua, misuli inalegea, na ng'ombe ni baridi, hatoi mate wala haharishi. Urea, iwe ya mbolea au ya molasi iliyochanganywa vibaya, inafanana sana, mate na mtetemo vyote viwili. Tofauti ni tumbo kujaa gesi upesi na yaliyomo tumboni kunuka amonia. Dawa za kuogeshea nazo zinachanganya. Amitrazi haigusi kolinesterasi. Mnyama analala, moyo unakwenda polepole, na atropini si dawa yake. Saipamethrini na ndugu zake hutetemesha kwa njia ya milango ya sodiamu. Soma lebo ya ulichopulizia nyanya: bidhaa nyingi ni mchanganyiko wa profenofosi na saipamethrini, na oganofosfeti huzuia vimeng'enya vinavyovunja saipamethrini, kwa hiyo zikiwa pamoja zinakuwa kali kuliko kila moja peke yake.

Pakiwa na shaka, daktari anaweza kufanya jaribio dogo: atropini kidogo, miligramu 0.02 kwa kilo, ambayo kwa ng'ombe wa kilo 350 ni ampuli 7 zile za miligramu 1. Mnyama asiye na sumu hii atakaukwa na mate, moyo utaongeza mwendo na mboni zitapanuka. Mwenye sumu hatabadilika sana. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linafanyika zizini bila maabara.

Ukihitaji uthibitisho, labda kwa sababu ya kesi au jirani, damu ichukuliwe kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, ikae kwenye barafu lakini isigandishwe. Lazima iwe damu nzima, si maji yake tu, kwa kuwa kolinesterasi ya damu ya ng'ombe iko zaidi kwenye chembe nyekundu. Kwa aliyekufa, chukua nusu ya ubongo na nusu kilo ya yaliyomo tumboni, vigandishwe kila kimoja kwenye chombo chake. Maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, iko Iringa, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya; piga simu kwanza uulize wanapima nini kwa wakati huo. Kimeng'enya kikiwa chini ya nusu ya kawaida ni dalili ya kuguswa na sumu. Chini ya robo, pamoja na dalili za mwili, kunatosha kusema ndiyo iliyoua. Kama ilikuwa kabameti, kimeng'enya kinaweza kujifungua ndani ya kichupa njiani na majibu yakaja safi, kwa hiyo majibu safi hayamalizi ubishi.

Pipa. Ng'ombe wenye kiu hawachagui, na maji ya rangi ya maziwa yenye harufu ya dawa hayawazuii. Pipa la kuchanganyia liwe na mfuniko wa kufunga, na maji ya kusuuzia bomba yapuliziwe kwenye nyanya hizohizo, yasimwagwe kwenye mfereji unaoshuka kwa jirani. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe kwenye bomba, kisha itobolewe ili mtu asiigeuze ya mafuta. Magugu ya kwenye nyanya yasipelekwe zizini. Hii ndiyo njia ninayoihofia zaidi kwa wanaofugia ndani, Rungwe na Njombe kama huko kwenu, kwa sababu anayepalilia na anayepuliza si lazima wawe mtu mmoja, na majani yanaonekana mazuri. Mabua ya mahindi yaliyopigwa dawa ya viwavijeshi yasubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kulishwa.

Kwenye kuogesha, kosa kubwa ni kizibo cha soda kutumika kama kipimo. Lebo ikisema sehemu 1 kwa 600, bomba la lita 20 linahitaji mililita 33, basi. Tumia bomba la sindano. Wanyweshe ng'ombe maji kabla ya kuwapeleka joshoni ili wasinywe ya josho, na usiwaogeshe wakiwa wamechoka kwa jua au mwendo mrefu. Na dawa iliyokaa wazi au juani msimu mzima usiitumie kwa mnyama, kwani baadhi ya oganofosfeti hubadilika zikiwa kwenye chupa na kuwa kali zaidi kuliko zilivyokuwa mpya.

Mzoga wa yule aliyekufa uzikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima na mfereji, tumbo likiwa halijapasuliwa ovyo. Nyama isiliwe na mtu wala mbwa. Aliyemhudumia akiona kichwa kinauma, macho hayaoni vizuri, jasho na mate yanazidi au misuli inacheza, aende hospitali saa hiyohiyo akiwa na chupa ya dawa mkononi.

Huyu aliyepona, maziwa yake yamwagwe na ndama wake alishwe kwa mwingine mpaka daktari aseme vinginevyo, kwa kuwa lebo ya dawa ya nyanya haina muda wa kusubiri uliopimwa kwa maziwa. Kwa wiki sita zijazo ningemwogesha kwa dawa isiyo oganofosfeti wala kabameti, maana kimeng'enya chake bado ni pungufu na dozi ambayo zamani asingeihisi sasa inaweza kumwangusha. Ukitaka kumpa dawa ya minyoo katika kipindi hicho, mwambie muuzaji asikupe levamisoli: nayo inasukuma vipokezi vilevile vya nikotini ambavyo misuli yake ndiyo kwanza inaviachia. Albendazoli haina tatizo hilo, ila mwulize daktari kwanza kama ng'ombe ana mimba changa.